Kuajiri madereva wa malori ya mazao: anza shamba likiwa bado kijani

Mazao yakishaiva hayana subira. Muwa uliokatwa huanza kupoteza sukari mapema, nyanya iliyochumwa imeiva hulainika ndani ya siku chache, maziwa yakikosa ubaridi huchacha, na nafaka iliyorundikwa uwanjani inaweza kuharibiwa na mvua moja. Hata hivyo wenye mashamba wengi huanza kutafuta madereva wakiwa wameshachelewa, na aliyechelewa humchukua yeyote mwenye leseni.

Kosa hilo nimelifanya mwenyewe. Siku ya tatu ya mavuno nilimpigia simu dereva niliyetajiwa, tukakubaliana usiku uleule, na asubuhi akaingiza tela mtaroni kwenye lango la shamba. Lori lilikaa pale tangu saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri. Ndani ya shamba kulikuwa na malori mengine matatu yamejaa mzigo, hayana pa kutokea. Yule bwana alikuwa dereva mzuri wa lori la mwili mmoja. Tela hakuwahi kuvuta, na mimi sikumuuliza.

Tangu hapo kazi ya kuajiri naifanya mazao yakiwa bado mabichi, angalau wiki nane kabla ya mzigo wa kwanza. Utaratibu ninaoufuata ni huu.

Hatua ya 1: Hesabu mizunguko kabla ya kuhesabu watu

Chukua karatasi uandike tani unazotarajia na siku ambazo mavuno yatachukua. Tuseme ni tani 3,000 kwa siku 20, yaani tani 150 kila siku. Lori likibeba tani 25 kihalali, unahitaji mizunguko sita kwa siku. Sasa upime mzunguko mmoja kwa saa, kipande kwa kipande: kupakia saa 1, kwenda saa 1 na nusu, foleni na kupakua saa 4, kurudi tupu saa 1. Jumla ni saa 7 na nusu. Dereva mmoja hawezi kurudia mzunguko huo mara mbili kwa siku akabaki salama, kwa hiyo unahitaji madereva sita.

Tazama tena zile saa 4 za foleni. Zikishuka hadi saa 1, mzunguko mzima unakuwa saa 4 na nusu, dereva mmoja anafanya miwili kwa saa 9, na madereva watatu wanatosha. Kwa hiyo kabla ya kutangaza nafasi yoyote, nenda kaonane na msimamizi wa ghala au kiwanda kinachopokea mzigo wako. Muulize wanapokea kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, siku zipi foleni huwa ndefu, na kama anaweza kukupangia muda maalumu wa kushusha. Mara nyingi upungufu wa madereva ninaousikia ukilalamikiwa ni madereva waliopo wakiwa wamekaa kwenye foleni.

Ukishapata idadi, ongeza dereva mmoja wa akiba kwa kila watano au sita. Watu huugua, hufiwa, huitwa nyumbani. Wa akiba alipwe hata siku asiyoshika usukani, la sivyo utakapomhitaji atakuwa kwa mwingine.

Hatua ya 2: Andika kazi jinsi ilivyo

Tangazo linalosema tu "anatafutwa dereva mzoefu, mshahara mzuri" huleta watu wengi na halikusaidii kuchagua. Mashambani kazi hutofautiana mno. Kuna anayebeba maziwa kila siku ya mwaka, saa ileile, njia ileile. Kuna wa miwa anayefanya kazi usiku na mchana kwa miezi kadhaa kisha anakaa. Kuna wa mifugo, ambaye mzigo wake unasimama, unalala, na unaegemea upande mmoja kwenye kona. Ukiandika ukweli, wasioifaa kazi hiyo watajiondoa wenyewe, na hao ndio ambao wangekuacha katikati ya msimu.

Tangazo langu huwa na umbo hili:

"Wanahitajika madereva sita wa lori lenye tela kwa msimu wa mavuno, wiki kumi. Mzigo ni nafaka isiyo kwenye magunia. Njia ni kilomita 12 za vumbi, zenye daraja jembamba moja, kisha lami. Kazi huanza alfajiri, usiku hatuendeshi. Foleni ya kupakua inaweza kufika saa 3, nasi tunalipa muda wa kusubiri. Dereva anafunika mzigo kwa turubai mwenyewe akisaidiwa na utingo. Hapakii wala hapakui kwa mkono. Siku moja ya mapumziko kila wiki. Malazi na maji ya kuoga yapo. Jaribio la barabarani ni la lazima, na siku hiyo inalipwa."

Hapo chini yafuate malipo kwa tarakimu. Usiandike "maelewano". Dereva mwenye familia hapandi basi kuja kusikiliza maelewano.

Hatua ya 3: Tafuta mahali wanapokaa madereva

Dereva unayemtaka huenda hasomi matangazo kwa sababu tayari ana kazi au yuko barabarani. Anza na ulionao: muulize kila dereva wako angependa kufanya kazi na nani. Hawapendi kumleta mvivu, maana mvivu huwaachia wenzake kazi. Nenda pia kwenye maegesho ya malori, kwenye mizani, kwa fundi wa breki na kwa muuza matairi. Fundi anajua nani huleta gari mapema na nani huliburuta mpaka likatike.

Usiwapite walio karibu nawe. Dereva wa trekta aliyevuta tela shambani kwa miaka mitano anaijua ardhi yako, anajua pa kupita mvua ikinyesha, na kurudisha tela nyuma kwake ni jambo la kawaida. Anachokosa ni leseni ya daraja la juu na mazoezi ya barabara kuu. Utingo naye amekaa kiti cha pembeni miaka mingi akitazama. Kumlipia mafunzo mmoja wao kila mwaka ni gharama, lakini wapo mwakani, na wa mbali mara nyingi hawapo.

Wanawake wanaoendesha malori wapo, na mashamba mengi huwakosa kwa mambo madogo: choo kisicho na mlango, bafu moja la wote, maegesho yasiyo na taa. Rekebisha hayo kwanza. Wanaume nao watakushukuru.

Angalia pia kalenda ya wengine. Ukanda wenye mazao mawili huwa na misimu miwili. Mwenye shamba ambaye mavuno yake huisha yako yanapoanza si mshindani wako. Mkikubaliana, dereva mmoja anapata kazi ya miezi mingi mfululizo, nanyi nyote mnapata mtu aliyekwisha kupimwa.

Hatua ya 4: Kagua karatasi, kisha uzirudishe

Leseni itazame ile yenyewe, si picha kwenye simu. Mambo matatu ndiyo ya kusoma: daraja, tarehe ya kuisha, na masharti. Nchi nyingi hutenganisha lori la mwili mmoja na lori linalovuta tela. Barani Ulaya, kwa mfano, la kwanza ni C na la pili ni CE. Leseni inayoisha katikati ya mavuno ihuishwe kabla hujamwajiri. Kisha uithibitishe kwa mamlaka inayoitoa, kwa sababu karatasi nzuri ya kughushi haitambuliki kwa macho.

Cheti cha afya kisiwe cha kujaza jalada. Macho na masikio ni ya lazima, na uliza kuhusu usingizi: anayekoroma sana na kuamka amechoka anaweza kuwa na tatizo la kupumua usingizini, linalotibika, lakini lisipotibiwa humfanya asinzie kwenye usukani.

Mpigie mwajiri wake wa mwisho, na wa kabla ya huyo. Yule wa mwisho anaweza kumsifu ili amwondoe, au kumchafua ili asiondoke. Uliza mambo yanayojibika kwa tarehe na idadi: alifanya kazi kwako tangu lini mpaka lini, aliendesha gari gani, alipata ajali ngapi. La mwisho liwe hili: "Ungemwajiri tena?" Sikiliza anachosema, na sikiliza pia amekaa kimya kwa muda gani kabla ya kusema.

Iarifu kampuni ya bima kabla dereva hajaanza. Sera nyingi zina masharti ya umri na miaka ya uzoefu, na ukiyagundua baada ya ajali utakuwa umechelewa.

Karatasi zote zitoe nakala kisha umrudishie mwenyewe siku hiyohiyo. Wapo wanaoshikilia leseni au kitambulisho cha dereva ili asiondoke kabla ya mavuno kwisha. Shirika la Kazi Duniani limeweka jambo hilo miongoni mwa dalili 11 za kazi ya kulazimishwa, nami nalihesabu kuwa dhuluma hata pale sheria inapokaa kimya.

Hatua ya 5: Maswali yaleyale kwa kila mtu

Andika maswali sita au saba, uwaulize wote kwa mpangilio uleule, na uandike majibu papo hapo. Ukizungumza na kila mmoja kivyake utaishia kumchagua mcheshi. Usiulize "wewe ni mwangalifu?", maana hakuna atakayejibu hapana. Uliza tukio.

"Umefika mizani. Uzito wote uko sawa lakini ekseli ya nyuma, yaani mhimili wa magurudumu, imezidi, na ghala linafungwa baada ya saa moja. Unafanyaje?" Anayejua kazi atazungumza juu ya kusogeza mzigo, kumpigia msimamizi, na kukubali kulala hapo. Asiyeijua atazungumza juu ya kuongea vizuri na watu wa mizani.

"Unashuka mteremko mrefu umejaa mzigo. Gia unaichagua wapi?" Jibu ni juu, kabla mteremko haujaanza. Akiendelea mwenyewe kueleza jinsi breki zinavyopata moto na kupoteza nguvu, huyo umempata.

Swali ninalolithamini kuliko yote ni hili: "Niambie mara ya mwisho ulipokataa kuondoka na lori." Dereva wa miaka kumi ambaye hajawahi kukataa, ama hakagui gari, ama hawezi kumwambia bosi hapana. Wote wawili watakuletea msiba wakati wa mavuno, kwa sababu ndio wakati bosi mwenyewe anapokuwa na haraka kuliko akili. Anayesimulia, "Nut mbili za gurudumu zilikuwa zimelegea, nikazima gari, wakanikasirikia," huyo mpeleke jaribioni kesho yake.

Hatua ya 6: Jaribio, kwa lori lako, barabara yako na mzigo wako

Hapa ndipo uamuzi unapofanyika, kwa hiyo itenge siku nzima. Mlipe. Mweke karibu naye dereva wako mzee mwenye leseni, awe na mamlaka ya kusimamisha jaribio.

Anza gari likiwa limezimwa. Mpe funguo useme, "Likague kama ambavyo ungelikagua nisipokuwepo," kisha usogee pembeni. Balbu moja ya nyuma iwe imeungua kwa makusudi. Tazama mikono yake. Mzoefu huzunguka gari akianzia mahali fulani na kuishia hapohapo. Huinama kutazama matone ya mafuta chini, hugusa nut, huchungulia kati ya matairi mawili yaliyopangwa pamoja, maana jiwe la shambani likikwama hapo huchana yote mawili. Hutazama kiunganishi cha kichwa na tela, na pini yake, kwa macho yake mwenyewe. Akiwasha, husubiri upepo wa breki ujae. Kisha huzima injini, hukanyaga breki na kuishikilia akitazama kipimo na kusikiliza mlio wa upepo unaovuja. Aliyezunguka gari kwa nusu dakika na kupanda, mshukuru umlipe siku yake.

Kisha mpeleke shambani. Kwenye udongo laini au njia iliyopita mvua, anayefaa husimama, hushuka na kutembea kwa miguu kabla ya kuingiza lori. Akirudisha tela nyuma hadi mahali pa kupakia, sihesabu amesahihisha mara ngapi. Nahesabu ameshuka kutazama mara ngapi. Anayeshuka mara tatu hagongi ukuta wala mtu.

Tipa lina mambo yake mawili, na yote huua. La kwanza ni nyaya za umeme. Bodi likiinuliwa hufika juu kuliko dereva anavyodhani, na mashamba mengi yana waya unaopita karibu na ghala. Muone kama ametazama juu kabla ya kuinua. Muulize pia bodi likigusa waya atafanya nini: jibu ni kubaki ndani ya gari na kuita msaada hadi umeme ukatwe, gari likishika moto, aruke mbali miguu ikiwa pamoja, bila kugusa gari na ardhi kwa wakati mmoja, kisha aondoke kwa hatua fupi za kuburuta nyayo. La pili ni ardhi iliyoinama. Lori likiinua bodi huku gurudumu la upande mmoja likiwa chini, au mzigo ukigoma kushuka upande mmoja, linaweza kupinduka. Anayelijua hilo hulisawazisha gari kwanza, na hamruhusu mtu kusimama ubavuni.

Kwa maziwa, jaribu na tangi lililojaa nusu, ukiweka maji. Matangi ya vyakula mara nyingi hayana kuta za ndani za kuzuia mawimbi, kwa sababu ya usafi, kwa hiyo maji husukuma lori mbele hata baada ya breki kushika. Aliyezoea matangi ya mafuta yenye kuta hizo anaweza kushangaa kwenye njia panda ya kwanza. Kwa mifugo, muangalie kwenye kona na kwenye kusimama. Kwa miwa na nyasi kavu, muangalie anavyofunga mikanda na kama anasimama baada ya kilomita chache kuikaza tena, maana mzigo wa namna hiyo hushikamana njiani na mikanda hulegea.

Mwisho ni barabara kuu, lori likiwa na mzigo. Nishati ya mwendo ambayo breki lazima ziimeze huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo: kutoka kilomita 60 hadi 80 kwa saa inapanda kwa karibu asilimia 78. Dereva hana haja ya kuijua hesabu hiyo, ila mguu wake uijue. Umbali anaoacha mbele yake ndio utakaokuambia.

Hatua ya 7: Malipo yasiyomsukuma kwenye hatari

Namna unavyolipa huamua namna anavyoendesha. Ukilipa kwa tani, atazidisha mzigo. Ukilipa kwa safari, atakimbiza. Ukilipa mshahara mtupu, msimu mzima utaenda polepole, watu wakisubiri mwisho wa mwezi. Mimi huchanganya: mshahara unaotosha kuishi hata siku za mvua, nyongeza ndogo kwa kila mzunguko uliokamilika bila kosa, na malipo ya kusubiri kwa kila saa baada ya saa ya kwanza ya foleni. Hayo ya kusubiri ndiyo yaliyowafanya madereva wangu wasiondoke. Mtu aliyekaa saa 5 langoni bila kulipwa hufidia saa hizo barabarani, kwa mwendo, usiku.

Kuzidisha mzigo usikubali hata mara moja, hata wewe mwenye mazao unapotamani. Kati ya 1958 na 1960 wahandisi wa Marekani waliendesha malori kwenye barabara za majaribio karibu na Ottawa, jimboni Illinois. Matokeo yake yakawa kanuni inayotumika hadi leo: uharibifu wa barabara hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ukizidisha asilimia 20, umeiharibu barabara mara mbili. Na barabara ya kwanza kuharibika ni ile inayoingia shambani kwako.

Mkataba uandikwe kwa lugha anayoisoma, na uyataje mapema yale yanayozua ugomvi. Faini ya mwendo ni ya dereva. Faini ya uzito ni ya aliyeamuru kupakia. Tairi lililochakaa likipasuka ni la mwenye gari. Posho ya safari isihesabiwe ndani ya mshahara. Upungufu wa uzito kati ya mizani ya shamba na ya ghala uwekewe kiwango, kwa sababu mazao hupoteza maji njiani na mizani mbili hazilingani kabisa. Ukimkata dereva kila kilo iliyopungua, unamfundisha kwamba uaminifu hauna faida.

Mafuta nayo yapimwe kabla ya kushukiana. Jaza tangi, fanya mizunguko miwili na dereva wako mzee, jaza tena, na kiwango hicho kiwe kipimo cha wote, pamoja na nafasi ya foleni na tope. Nimewaona watu wakimwita mtu mwizi kwa lita ambazo hawakuwahi kuzipima.

Hatua ya 8: Siku tatu za kwanza

Usimwache dereva mpya peke yake. Dereva mwenyeji apande naye mzunguko wa kwanza, amwonyeshe daraja jembamba, shule na saa watoto wanapotoka, waya ulioshuka, na mahali pa kugeuzia akikosea njia. Mpe karatasi yenye ramani ya mkono na namba za simu: msimamizi wa shamba, ghala, fundi, bima. Mwambie pia, mbele ya msimamizi, kwamba akikataa kuondoka kwa sababu ya gari, mzigo au usingizi, hakuna atakayemkata chochote. Liandikwe kwenye mkataba, kwa sababu siku ya presha msimamizi husahau aliyoyasema.

Na asipande kamwe juu ya nafaka inayotiririka, iwe kwenye bodi au kwenye ghala. Humfunika mtu kwa sekunde chache, na kumvuta kwa mkono haiwezekani.

Hatua ya 9: Saa za kazi mavuno yakipamba moto

Mkataba namba 153 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1979, unaweka saa 4 za kuendesha mfululizo bila kupumzika, saa 9 kwa siku, saa 48 kwa wiki, na mapumziko ya saa 10 mfululizo ndani ya saa 24. Umoja wa Ulaya unadai dakika 45 za kupumzika baada ya saa 4 na nusu. Fuata sheria ya kwako, na isipokuwepo, chukua hiyo ya 1979.

Sehemu nyingine sheria huwalegezea wakulima. Marekani, kwa mfano, katika misimu ya kupanda na kuvuna huwaondolea wabeba mazao masharti ya saa ndani ya maili 150 za anga (sawa na maili za baharini) kutoka mzigo ulipochukuliwa, karibu kilomita 278. Naelewa sababu yake, lakini mwili wa dereva haujapewa msamaha huo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 hupungukiwa na umakini sawa na mwenye asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu. Aliyeamka saa kumi na moja alfajiri na bado yuko barabarani saa nne usiku ameshafika hapo, hata kama hajaonja tone.

Foleni usiihesabu kuwa usingizi. Anayesogeza lori kila dakika kumi hajalala. Tunachofanya ni kumweka dereva wa akiba kwenye foleni ndefu, ashike usukani wakati mwenzake analala kwenye kitanda halisi, mbali na injini. Daftari la saa litunzwe na mtu asiyehesabu tani, kwa sababu anayehesabu tani ataona kila mara kwamba safari moja zaidi inawezekana.

Hatua ya 10: Siku mzigo wa mwisho unaposhuka

Lipa siku hiyohiyo, chote, pamoja na saa za kusubiri. Mpe barua ya kazi inayotaja tarehe, aina ya lori, aina ya mzigo na idadi ya safari. Kaa naye nusu saa umuulize ni wapi njiani palimtisha, ni kipi kwenye lori lake kilihitaji kutengenezwa kila wiki, na ni nani ghalani anayechelewesha. Andika majibu yake. Kuna mwaka madereva wanne walinitajia kona moja, nami nilikuwa nimeipita kwa gari dogo mara nyingi bila kuiona. Tuliipanua kabla ya mvua.

Kisha mkubaliane tarehe utakayompigia simu, wiki kumi kabla ya mavuno yajayo, uiandike kwenye kalenda mbele yake. Tarehe hiyo ikifika, piga, hata kama mvua imechelewa na hujui bado utavuna nini.